Mume wangu aliugua Brazil, sasa nina mimba na naogopa hata kumgusa

Shikamoo bibi mkunga.

Nina miaka 29, naishi Likoni, Mombasa, kwa wakwe zangu. Mume wangu ni baharia wa meli za mizigo. Huondoka miezi tisa, akirudi hukaa mitatu, ndivyo tulivyoishi tangu tuoane. Tuna binti mmoja wa miaka sita. Wa pili tumemtafuta miaka minne. Dawa za hospitali nimekunywa, za mitishamba nimekunywa, mpaka nikakata tamaa. Safari hii Mungu ametupa. Mimba ina wiki kumi. Ilikuwa niwe na furaha, lakini usiku silali.

Mambo yalianza kwa mzaha. Tulikuwa tunakula, shemeji yangu akawa anamtania kaka yake kuhusu wanawake wa Brazil. Mume wangu akasema, "Wanawake gani? Mimi Salvador nilikuwa nalia na viungo." Ndipo akasimulia. Meli yao ilikaa gatini Salvador siku kumi na moja ikingoja kipuri cha mtambo. Walipokaribia kuondoka akatokwa na vipele mwili mzima, macho yakawa mekundu, vifundo vya mikono na miguu vikamuuma. Ofisa wa pili, ambaye ndiye anayeshika ufunguo wa sanduku la dawa, akampa Panadol. Siku ya tano yuko sawa, yuko kazini. Wiki tatu baadaye akateremka melini akaja nyumbani. Wote tuliokuwa pale tukacheka.

Usiku nikaandika kwenye simu: Brazil, vipele, macho mekundu. Nikaletewa jina Zika, na picha za watoto wenye vichwa vidogo, paji limerudi nyuma, mama zao wamewapakata. Bibi, nilizima simu nikaitia chini ya godoro. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mume wangu ana wiki tisa tangu afike. Mimba ilishika karibu mara moja. Na mimi, wiki ya pili baada ya kuja kwake, niliwashwa mwili siku mbili nikatoka vipele vidogo kifuani. Nilisema ni harara, maana kaskazi hii joto lake unalijua.

Nilimwambia wifi yangu peke yake. Akaniambia niitoe mapema kabla haijakua, eti kesho nisije nikalea mzigo peke yangu. Mavyaa alipita mlangoni akasikia hilo jina, akasema, "Astaghfirullah, mnataka kumzika nani?" Tukanyamaza.

Sasa lililonifanya niandike. Nimesoma kwamba ugonjwa huu mwanamume humwambukiza mkewe kitandani, na kwamba mjamzito atumie mpira mpaka ajifungue. Nitaanzaje? Mke mwenye mimba anamletea mumewe mpira, huyo mume atafahamu nini? Atasema namshuku kwamba ana wanawake bandarini. Na ukweli wangu, bibi, nusu ya moyo wangu inamshuku. Kama ugonjwa unapita kitandani, yeye aliupata wapi? Siku kumi na moja gatini si haba. Tangu usiku ule najisingizia kuumwa, leo kichwa, kesho mgongo, naye ameanza kununa. Naogopa pia kumnyima mume haki yake.

Niambie: mtoto wangu ameshaharibika? Kuna dawa? Niitoe? Na huyo mume nimwambie nini?

Mke wa baharia, Likoni

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalokufanya uyumbe katika mengine yote. Mumeo aliupata wapi? Kwa mbu. Zika huenezwa hasa na mbu, na mbu mwenyewe unamjua, huyu mweusi mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, asubuhi na alasiri zaidi. Mtu akikaa siku kumi na moja gatini mahali kama Salvador, akibeba vipuri na kamba juani mikono wazi, hana haja ya mwanamke wa kumwambukiza. Njia ya kitandani ipo, lakini ni ya pili. Vipele vyake si ushahidi wa uzinzi. Kama una sababu nyingine za kumshuku, hizo ni barua nyingine, niandikie nitaijibu. Hii usiitumie.

Tena hatujui kama aliumwa Zika. Vipele, viungo na homa ndogo ni ngoma inayochezwa na wengi. Dengi hufanya hivyo, na chikungunya hufanya hivyo, na zote tatu hubebwa na mbu huyo huyo. Mwaka 2024 Brazil iliandikisha zaidi ya visa milioni sita vya dengi. Zika bado ipo kule, lakini imepungua mno ukilinganisha na 2015 na 2016. Ningelazimishwa kubahatisha, ningesema dengi kabla sijasema Zika. Macho mekundu yasiyo na usaha ndiyo yanayonifanya nisiitupe Zika kabisa, kwa sababu ni dalili inayoandamana nayo sana. Kwa hiyo tuichukulie kama inawezekana, tujikinge kama ndiyo, lakini tusilie kama imethibitishwa.

Jina lenyewe limemtisha mavyaa wako, na mimi pia lilinitisha siku ya kwanza. Kumbe ni jina la msitu. Upo karibu na Entebbe, Uganda, na kwa Kiganda maana yake ni mahali palipoota majani mengi. Mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano walikuwa wamefunga kima kwenye tundu juu ya jukwaa katika msitu huo, wanangoja aumwe na mbu waone atapata nini. Kima mmoja akashikwa na homa, wakatoa damu yake, wakakuta virusi visivyojulikana. Mwaka uliofuata wakavikuta kwenye mbu wa msitu huo huo. Basi ndugu yetu huyu ni wa huku huku Afrika Mashariki. Alikaa miaka mingi anaonekana homa ndogo isiyo na shida, mpaka alipozunguka Pasifiki na kufika Amerika Kusini.

Kilichotokea Brazil ndicho kilichojaza simu yako picha. Virusi vilithibitishwa huko Mei 2015. Kufikia miezi ya mwisho ya mwaka ule, madaktari wa watoto wa Recife, mji wa kaskazini mashariki, wakaona vichwa vidogo vingi kuliko kawaida yao. Katika jimbo jirani la Paraíba daktari mmoja wa wajawazito, Adriana Melo, alituma maabara maji ya uzazi, yale yanayomzunguka mtoto tumboni, ya wajawazito wawili ambao watoto wao walikuwa na vichwa vidogo kwenye picha ya tumbo (ultrasound), na virusi vikaonekana ndani ya maji yale. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura. Watoto zaidi ya 3,000 walithibitishwa nchini humo. Hao ndio uliowaona.

Na ninachotaka ukishike sasa ni hiki, hata kama barua yote iliyobaki utaisahau: mama mjamzito akiambukizwa kweli, watoto 5 hadi 15 kati ya 100 ndio hupatwa na matatizo yanayotokana na Zika. Isome kinyume chake. Themanini na tano hadi tisini na tano hawapatwi. Hiyo ni kwa wale walioambukizwa kwa hakika, na wewe hata mumeo hatuna hakika naye. Picha za simu hazina mtoto hata mmoja wa wale themanini na tano, kwa sababu hakuna anayepiga picha mtoto mzima akaiandikia Zika.

Sitakudanganya upande wa pili. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo hatari zaidi, nawe umo ndani yake. Tarehe zako pia haziniruhusu nikuambie puuza. Kliniki huhesabu mimba tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo hiyo ya wiki kumi ilitungwa kama wiki nane zilizopita, siku chache baada ya yeye kufika. Alikuwa na mwezi mmoja tu tangu augue. Virusi hivi hukaa kwenye shahawa kwa muda mrefu kuliko vinavyokaa kwenye damu, ndiyo maana mwanamume aliyetoka mahali penye Zika hushauriwa angoje angalau miezi mitatu kabla ya kutafuta mtoto. Nani angemwambia? Melini walimpa Panadol. Hujafanya kosa, naye hajafanya kosa.

Hicho kuwashwa kwako huenda ni harara tu. Wanne kati ya watano wanaoambukizwa Zika hawaoni dalili yoyote, kwa hiyo dalili si kipimo kizuri upande wowote. Ila kiandike, na tarehe yake, utakihitaji.

Kesho usingoje siku yako ya kliniki. Nenda, na ukifika usiseme "nimekuja kupimwa tu". Sema hivi: mume wangu ni baharia, aliugua vipele na macho mekundu Brazil tarehe fulani, nilishika mimba wiki nne baadaye, nami niliwashwa mwili tarehe fulani. Nesi wa zamu huenda akakukodolea macho, maana Zika si neno la kila siku kwenye kliniki zetu. Usiondoke. Omba daktari wa wajawazito, au rufaa ya kumwona.

Kuhusu kipimo cha damu, nakutahadharisha mapema usije ukavunjika moyo. Virusi vyenyewe kwa kawaida hupatikana katika damu kwa siku chache tu, na kwenye mkojo mpaka wiki mbili hivi. Wiki zako zimepita. Kinachoweza kubaki ni kingamwili, yaani alama ambazo mwili huziacha baada ya kupigana. Shida ya kingamwili za Zika ni kwamba zinafanana na za dengi, na watu wa Mombasa wengi wameshapigwa na dengi bila kujua. Mumeo ndiye atakayechanganya maabara zaidi, maana baharia ana kadi ya manjano, na chanjo ya homa ya manjano nayo huacha alama za ukoo huo huo. Kwa hiyo daktari anaweza kuchukua damu yako na mkojo na kuzipeleka maabara inayoshughulikia virusi vya mbu, KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wanayo, au anaweza kusema haina faida, tufuate picha. Yote mawili yana akili. Kumpima mumeo ili ajulikane kama mbegu zake zimekuwa salama hakushauriwi, kwa sababu leo virusi vinaweza visionekane na wiki ijayo vionekane.

Waulize pia kama vipimo vyako vya kawaida vimekamilika, kile cha kaswende hasa. Kichwa kidogo kina sababu nyingi: maambukizi kama rubela, toksoplasma na kaswende, pombe, mambo ya ukoo. Nimeona mama anaogopa ugonjwa wa Brazil na kaswende iliyo hapa hapa, inayotibika kwa sindano, haijapimwa.

Picha ya tumbo ndiyo itakayokusaidia zaidi. Piga moja sasa, ya kuthibitisha umri wa mimba, kwa sababu baadaye mtu akisema "kichwa ni kidogo kwa wiki zake" lazima wiki ziwe sahihi. Nyingine wiki ya 18 hadi 20. Usikubali hiyo iwe ya mwisho. Kuna vichwa vinavyopima vizuri wiki ya 20 na kuanza kubaki nyuma baadaye, kwa hiyo omba nyingine wiki ya 28 hadi 30. Mpiga picha aelezwe anatafuta nini: ukubwa wa kichwa, madoa ya chokaa ndani ya ubongo, maji yaliyozidi ubongoni, miguu iliyopinda. Picha nzuri haitoi dhamana kamili, lakini kila moja itakayotoka safi itakuondolea kilo moja kifuani.

Dawa ya kuua virusi hivi haipo, na chanjo haipo. Ukipata homa au maumivu meza paracetamol. Aspirini na ibuprofeni usiziguse mpaka ijulikane si dengi, kwa sababu dengi ikikutana nazo huweza kuleta damu.

Wifi yako. Simhukumu, huenda ameogopa kwa niaba yako. Ila anachokuambia ni kuitoa mimba uliyoitafuta miaka minne, kwa ugonjwa ambao haujulikani kama mumeo aliuugua, ambao haujulikani kama ulikufikia, na ambao hata ungekufikia wengi wa watoto hupita salama. Wiki ya kumi hakuna mashine inayoweza kukuonyesha chochote cha kuamulia. Picha zikija kuonyesha tatizo huko mbele, utakaa na daktari akueleze yanayowezekana na sheria inasemaje, mumeo akiwa pembeni yako. Mazungumzo hayo si ya jikoni. Na vidonge vya uchochoroni usivisogelee. Nimefanya kazi wadi ya wazazi miaka thelathini na moja, na wanawake niliowaona wakivuja damu mpaka kufa kwa vidonge hivyo nawakumbuka kwa sura.

Sasa mpira.

Uliyosoma ni sawa. Mume akitoka mahali penye Zika na mke ni mjamzito, ni kondomu kila mara mpaka mtoto azaliwe, au kutolala pamoja kabisa. Najua utaniambia mumeo anakaribia kutimiza miezi mitatu tangu augue, kwa nini isiishe hapo? Kwa sababu miezi mitatu ni ya mwenye nafasi ya kungoja kabla ya kubeba mimba. Aliyekwisha beba hawekewi hesabu hiyo, kinga ni mpaka mwisho. Na usiseme "kama ni kuambukizwa nimeshaambukizwa, kuna nini tena". Huenda hujaambukizwa hata kidogo, na usiku wa kesho ndio ukawa wa kwanza.

Haki yake humnyimi. Haki yake ya kwanza hapo ni mtoto. Hiyo ya kitandani unampa, umeiwekea kinga tu. Unachomnyima sasa hivi ni ukweli, kwa hizo hadithi za kichwa na mgongo. Mabaharia si wajinga. Mtu aliyekaa miezi tisa baharini akirudi anasoma uso wa mkewe kuliko anavyosoma ramani, na mke anayemkimbia akiwa na mimba humfanya awaze mabaya kuliko hayo unayoogopa kumwambia.

Usimwambie kitandani, na usimwambie mezani mbele ya shemeji mwenye mdomo. Mwombe akusindikize mahali, kivukoni hata, mkitembea. Wanaume wengi huongea vizuri wakiangalia mbele kuliko wakitazamwa. Usianze na mpira. Anza na Salvador. Mwambie, "Baba fulani, ule ugonjwa uliotusimulia, nimeusoma. Kuna ugonjwa wa mbu wa kule, mwanamume akiupata yeye hapati shida, mtoto wa tumboni ndiye anayeweza kuipata. Nataka twende kwa daktari pamoja ukaeleze mwenyewe, maana mimi sikuwepo." Neno mbu litamke waziwazi, litamke mara mbili. Hapo umeshamwambia kwamba humshuku. Ukimpa kazi ya kueleza, umemtoa kwenye kiti cha mshtakiwa umemfanya shahidi. Kisha daktari ndiye atakayetamka kondomu, nawe utatazama dirishani.

Asipotaka kwenda, umtamkie mwenyewe, kwa sentensi fupi: madaktari wa wajawazito wanasema tutumie kondomu mpaka nijifungue. Atanuna siku mbili. Muda wake nyumbani una wiki tatu au nne zilizobaki, halafu bahari inamchukua tena. Hii si miezi saba ya vita, ni wiki chache. Na akipangiwa Brazil tena arudi kabla hujajifungua, hesabu inaanza upya, kwa hiyo abebe dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu na avae mikono mirefu gatini mchana. Wenzake wenye wake wajawazito awaambie pia.

Umeniuliza kimoyomoyo, ingawa hukuandika, kama Zika iko hapa kwetu. Wimbi kama la Brazil Mombasa haikulipata. Virusi kupita pita ukanda huu, hilo si jipya. Desemba 2016 taasisi ya utafiti wa magonjwa ya Tanzania, NIMR, ilieleza kwamba kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walikuwa na alama za maambukizi ya Zika. Serikali ikakanusha kwamba kuna ugonjwa, na mkurugenzi mkuu wa taasisi, Dkt. Mwele Malecela, akaondolewa kazini muda mfupi baadaye. Mimi nilimsikitikia sana mama yule. Alisema alichokiona maabara. Baadaye alikwenda kuongoza kitengo cha magonjwa yasiyopewa kipaumbele huko Shirika la Afya Duniani, akafariki 2022.

Mbu, hata hivyo, tunaye, na ndiye wa kushughulikia pale nyumbani. Mwishoni mwa 2017 mpaka 2018 alitupiga chikungunya hapa Mombasa, watu wakatembea wamepinda, na jina hilo lenyewe ni la Kimakonde, maana yake kujikunja. Huyu hazaliwi kwenye mtaro mchafu kama watu wanavyodhani. Anapenda maji yetu safi. Na sisi watu wa mgao wa maji, ambao mfereji hutoka mara moja kwa wiki, tumemjengea ikulu: madramu, mitungi, majerikeni, tairi la zamani nyuma ya nyumba, sahani chini ya chungu cha maua. Kumwaga maji hakutoshi, mayai hugandamana ukutani mwa chombo na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja maji yarudi. Chombo kisuguliwe kwa brashi kila wiki, kisha kifunikwe kwa kitambaa kilichofungwa kamba. Ukilala mchana ingia kwenye neti, mbu huyu hangoji usiku. Dawa za kujipaka zenye DEET mjamzito anaruhusiwa, fuata maandishi ya chupa. Mavyaa akiona unasugua dramu lake atauliza. Mwambie unaogopa dengi, jina hilo analijua na halimziki mtu.

Mtoto akizaliwa, asipimwe kichwa kwa haraka haraka dakika ile ya kwanza akapewa jina baya. Kichwa hubanwa njiani kikabadilika umbo. Kipimwe, kisha kipimwe tena siku ya pili. Mtoto aliyetimiza miezi yake huwa na sentimita 34 au 35 hivi. Chini ya 31.9 kwa wa kiume na 31.5 kwa wa kike ndipo tunapoanza kuchunguza, na kuchunguza si kuhukumu. Hata akipita vizuri, peleka kliniki apimwe kichwa, macho na masikio mwaka wa kwanza wote, kwa sababu wachache huonyesha tatizo baadaye: kukakamaa viungo, degedege, kutomeza vizuri, kutofuata mwanga. Maziwa yako mpe bila wasiwasi, faida yake imezidi hatari.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, atakuwa mmoja wa wale wachache, wifi yako amekuambia utalea peke yako. Kule Recife ni kweli waume wengi waliondoka. Wanawake waliobaki wakaunda chama chao, União de Mães de Anjos, Umoja wa Mama wa Malaika. Mama hao na wenzao walipiga kelele mpaka mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya pensheni ya maisha kwa watoto wale waliozaliwa kati ya 2015 na 2019. Hatuna sheria hiyo hapa. Tuna mazoezi ya viungo hospitali za kaunti, tuna nyumba zenye watu wengi, na wewe una mume ambaye bado hata hujamwambia. Usimhukumu kwa waume wa Recife.

Niandikie baada ya picha ya wiki ya 20. Na kesho ukifika kliniki, usikubali habari ya Salvador iishie mdomoni. Mwambie nesi aiandike kwenye kitabu chako, tarehe ya mumeo kuugua na tarehe ya vipele vyako, kwa kalamu ya wino. Atakayekuzalisha usiku huenda asiwe yeye.